Jina Utakalotaja Langoni

Mwanangu Zuhura,

Umekwenda bomani, ng'ambo ya bonde, kuwaaga watu wako, nami nimekaa barazani na karatasi zilizobaki tangu shule. Jua bado liko juu. Nataka nimalize kabla hujarudi, kwa sababu ukinikuta naandika utaanza kuchungulia begani kwangu, nami nikichunguliwa siwezi kuandika hata jina langu.

Mambo ya sabuni, chandarua na namna ya kufunga sanduku nimekwisha kuyasema, mpaka jana ukaniambia, "Mama, nimesikia, mimi si kiziwi." Basi hayo yamekwisha. Yamebaki yale nisiyoweza kuyasema kwa mdomo. Unanijua. Mbele ya watu wawili sauti yangu inakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi, na wiki hii imekuwa hivyo hata mbele yako wewe mmoja.

Kesho bodaboda atakutoa hapa Marambo mpaka Nachingwea mjini, na pale utapanda basi dogo la Ruangwa pamoja na watoto wengine wa umri wako. Mkifika mtapangwa foleni mbele ya Nyumba ya Wahenga, na mlinzi wa lango atakuuliza swali lile lile ambalo kila mtoto wa nchi hii huulizwa anapokwenda kutumikia: "Nani amekutuma?" Utataja jina la marehemu mmoja. Jina hilo ndilo utakaloliita kila alfajiri kwa muda wote wa utumishi, na kuanzia hapo utahesabiwa mtoto wa nyumba ya marehemu huyo. Mimi najua jina ulilokusudia. Mjomba Bakari anajua. Nadhani hata ng'ombe wa kule bomani wanajua.

Na mjomba anataka nikufunge kitambaa, usiweze kulitaja.

Nitaandika hata mambo ambayo unayajua, usichoke kusoma. Huko watakufundisha Imani ya wahenga kwa namna yao, kwa maneno mazuri yaliyonyooka, na ukiwa mkubwa utaweza kudhani kwamba hata kwetu mambo yalikwenda yamenyooka hivyo. Hayakwenda. Nataka uwe na namna yetu pia.

Mama alipofariki wewe ulikuwa na miaka minane, mimi nilikuwa kidato cha kwanza. Baba alikuwa amekwisha kuhamia Mbekenyera kwa mke mwingine, na hakurudi ila siku ya maziko. Imani inasema kigoda cha mama hakikai kitupu. Akifa mama mwenye watoto, binti yake mkubwa anakikalia, anachukua jina lake, na tangu hapo yeye ndiye mama, kwa sheria na kwa salamu. Si jambo la ajabu, wapo wengi. Lakini wale wengi ni watu wazima, wana nyumba zao, wana sauti zao.

Mnenaji wa kata alikuja na pikipiki yake yenye bendera ndogo. Wakanifunga khanga ya mama, ambayo ilikuwa bado inanuka moshi wake. Wakanipaka unga wa mtama kwenye paji la uso. Mnenaji akauliza mbele ya watu wote, "Wewe ni nani?" Nilitakiwa kujibu, "Mimi ni Somoe." Nikajibu. Hakuna aliyesikia.

"Sema kwa nguvu, binti. Nchi inasikiliza."

"Mimi ni Somoe."

"Nani?"

Nyuma kule, bibi mmoja akapaza sauti, "Mpitishe tu, mheshimiwa! Somoe mwenyewe alikuwa hivyo hivyo, ukimsalimu unajibiwa na kuku!" Watu wakacheka msibani. Mnenaji naye akatabasamu, akamwaga unga kwenye kibanda chetu cha wahenga, akasema, "Nchi iko macho." Wote wakaitikia, "Na wazee wako macho." Nikawa mama.

Kesho yake mjomba Bakari alipita hapa na jembe begani. Yeye ni kaka wa mama, na kwa kuwa nilikuwa nimeshakuwa mama, kwa sheria nilikuwa dada yake. Akasimama pale penye jiwe la kunolea, akasema, "Dada Somoe, umeamkaje? Kaka yako hajala. Kuna kiporo?" Nilidhani ananitania. Nilimpa kiporo cha muhogo nikakimbilia ndani. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba yule mzee hakuwa anatania. Alikuwa anamtafuta dada yake, na mahali alipoelekezwa kumtafuta ni kwangu.

Shuleni ilikuwa shida ya aina nyingine. Wavulana wa dawati la nyuma walikuwa wakisimama ninapopita. "Shikamoo mama! Mama, wanao tumekosa, tusamehe!" Hata mwalimu wa hesabu siku moja aliniita, "Mama Zuhura, njoo ubaoni utuokoe." Darasa likaanguka kwa kicheko. Nilikwenda, nikakokotoa, nikapata, nikarudi kukaa bila kumtazama mtu. Nilikuwa najiambia, vumilia, huu ni wajibu, mama anakuona. Bado naamini kwamba alikuwa ananiona. Sikuandikii barua hii kukuambia kwamba Imani ni uongo. Kila asubuhi ninapomwaga unga kwenye kibanda chetu nyuma ya nyumba, nikasema jina lake, nasikia kitu kimetulia kifuani. Hicho sitamruhusu mtu yeyote akicheke.

Lakini nilikosea mahali, na nilikosea kwako.

Unakumbuka saa ya kuoga. Mama alikuwa akikuogesha jua likianza kupungua, akikuimbia vile vitu vyake visivyo na mwanzo wala mwisho. Mimi nilipoanza kukuogesha, kila siku ilipofika saa hiyo ulilia. Si kwa sababu ya maji. Ulikuwa unasema, "Namtaka mama." Nami nakujibu, "Mama ni mimi." Unasema, "Siyo wewe, namtaka mama."

Imani inasema kigoda kikishakaliwa, msiba umekwisha. Kulia baada ya hapo ni kumwambia mwenye kigoda kwamba hatoshi, na kumwambia marehemu kwamba nchi imemwacha bila mtu. Mnenaji alinieleza hivyo siku ile ile, na mimi nilishika maneno yake kama mwanafunzi anavyoshika kanuni ya mtihani. Sikujiuliza kama kanuni ile iliwekwa kwa ajili ya mtoto wa miaka minane mwenye povu la sabuni machoni. Nilikuambia ukilia tena hutakula. Ukalia. Nikaondoa sahani yako mbele yako, nikaiweka juu ya dari. Ulinitazama, ukapangusa uso kwa mkono, ukanyamaza. Na tangu siku hiyo hukulia tena hapa nyumbani.

Majirani wakanisifu. "Somoe ana mkono. Mtoto katulia kama maji ya kisima." Zuhura, nilifurahi! Nilikuwa msichana ambaye hajawahi kusifiwa na mtu kwa lolote isipokuwa mwandiko. Nilidhani hiyo ndiyo kazi ya mama, kumfanya mtoto atulie. Sasa ndiyo najua hukuwa umetulia. Ulikuwa umehama.

Ulihamia kwa akina Masanja. Walikuwa wamefika na ng'ombe wao kutoka upande wa Ziwa Viktoria muda si mrefu kabla ya mama kufariki, wakajenga boma lao ng'ambo ya bonde. Hapa kijijini walikuwa wakitajwa pamoja na ukame na wadudu wa mikorosho. Unakumbuka mjomba alivyokutana na Masanja njiani, kila mmoja na fimbo yake?

"Masanja! Ng'ombe wako wameingia kwenye ufuta wangu."

"Hapana, mzee. Hawakula. Wamepita tu."

"Wamepita wamefungwa vitambaa mdomoni?"

"Mzee, ng'ombe hapendi ufuta."

"Basi huyo wako amejilazimisha!"

Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini, na mjomba akakugeukia, "Na wewe unacheka nini, mtoto wa ng'ombe?" Jina hilo likakubaki. Mtoto wa ng'ombe. Ulikuwa unatoka hapa na kibuyu asubuhi kwenda kuchukua maziwa, unarudi saa sita. Nilikuwa nakugombeza kwa sababu ya kuchelewa. Sikuwahi kukuuliza ulikuwa unafanya nini huko.

Bibi Kabula, mama yake Masanja, nilimwona mara chache tu, na mara zote kwa mbali. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kisanduku chake cha ugoro kiunoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alikuwa anakuita "mayu" kutoka mwisho wa bonde mpaka mwisho wa bonde, na uliniambia kwamba kwa Kisukuma maana yake ni mama. Niliona wivu. Mimi niliyepewa jina hilo kwa unga na bendera nilikuwa siitwi kwa furaha kama vile hata na wewe.

Shida yao unaijua. Kila kaya inatakiwa kumwaga unga kwa marehemu wake, na wao marehemu wao wote wamelala huko Ziwani. Mnenaji aliwaambia wazi kwamba asiye na mhenga ndani ya ardhi hii ni mpita njia, na mpita njia hapewi shamba wala malisho. Ndiyo maana Bibi Kabula alipougua masika yaliyopita na Masanja akataka kumrudisha kwao akafie kwenye ukoo, yule bibi alikataa. Wewe ndiye uliyeniletea maneno yake, unacheka: "Nizikeni hapa hapa, tuone nani atawafukuza."

Wakamzika pembeni ya boma. Nilikwenda mazikoni nikasimama nyuma ya watu wote. Wiki haikupita, Mnenaji akaja kuwaambia kwamba kaburi peke yake ni shimo lililofukiwa. Mhenga ni yule ambaye mtoto wa umri wa utumishi amemtaja langoni na nchi ikamsikia. Na wao hawana mtoto wa umri huo. Mkubwa wao ni Minza, naye bado anang'oka meno ya utoto. Wameambiwa kiangazi hiki kikiisha wawe wamevuka Nanganga, waendelee mbele, watakakokaribishwa.

Ndipo siku ile tunapepeta ufuta, mimi nimeshika ungo na wewe umeshika gunia, ukasema bila hata kuniangalia, "Mama, nitamtaja Bibi Kabula."

Nikasema, "Bibi Kabula si wetu."

Ukasema, "Mimi ni wake."

Nikaendelea kupepeta. Ufuta mwingi ulimwagika pembeni siku ile. Sheria haikukatazi, hilo nalijua. Mlinzi anauliza nani amekutuma, haulizi damu. Lakini ukimtaja yeye unakuwa mtoto wa nyumba ya Masanja, na mama yetu anabaki bila mtumishi Ruangwa. Jina lake litaitwa hapa kibandani tu, na siku mimi sipo halitaitwa. Na mimi ninakuwa si mama yako tena. Kigoda kinakuwa cha mtu asiye na mtoto.

Mjomba alipopata habari alikuja na kofia yake ya Ijumaa kichwani, ametoka kuswali moja kwa moja. Wewe ulikuwa umekwenda kisimani. Hakukaa.

"Dada, nasikia mtoto amelogwa kwa maziwa."

"Hajalogwa, kaka."

"Basi amelewa. Maziwa ya siku nyingi yanalewesha. Dada, mfunge huyo mtoto."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mama yeyote anaweza kumfunga mwanawe asubuhi ya kuondoka, kumvika kitambaa cheupe kwenye mkono wa kulia na kulisema jina mbele yake, na mtoto aliyefungwa hawezi kutaja jina jingine langoni bila kuiletea nyumba yake balaa. Nilimwambia nitafikiri. Hapo akakasirika.

"Unafikiri nini? Dada yangu nimemzika mara moja. Usinifanye nimzike tena!"

Nadhani sote tulisikia kwa pamoja alichosema. Alikuwa ameniita dada, na papo hapo amesema dada yake amezikwa. Kwa miaka yote hii hakuna aliyewahi kulisema hilo katika nyumba hii. Akavua kofia, akaitazama ndani kama mtu anayetafuta kitu humo, akasema taratibu, "Hadija, mwanangu, nipe maji."

Ilikuwa ni mara ya kwanza kuitwa jina langu na mtu mzima tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Nilimletea maji.

Zuhura, usimchukie mjomba. Atakapokataa kukusindikiza kesho, na nadhani atakataa, ujue kwamba anapigania kitu kidogo sana alichobakiwa nacho.

Nilikuwa nimekwisha kuamua kukufunga. Nakuambia kweli. Kitambaa nimekikata kutoka kwenye shuka jipya na nimekipiga pindo. Kabla ya hapo nikaona ni adabu niende bomani nikawaambie mwenyewe, wasije wakajenga matumaini. Ulikuwa umekwenda Nachingwea na mwalimu kupimwa afya. Nilivuka bonde nikirudia maneno yangu moyoni kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Nilipofika, Masanja alikuwa anafunga magunia. Wameshaanza kufunga, ulijua? Masufuria yamekwisha kuingia kwenye viroba.

"Mwangaluka, dada," akanisalimu kwa Kisukuma. "Karibu. Kiti kimeshafungwa, kaa kwenye gunia."

Nikakaa. Maneno yote niliyoyapanga yakapotea. Yeye ndiye aliyesema.

"Najua umekuja kwa sababu ya mtoto. Mwambie asimtaje mama. Sisi tutahama, tumezoea kuhama. Mama yangu hakumpa maziwa ili alipwe."

Nikasema, "Asante." Nilitaka kusimama niondoke, lakini aibu ya kuondoka haraka hivyo ikanizuia, basi nikauliza swali ambalo nilipaswa kukuuliza wewe miaka yote ile. "Alikuwa anafanya nini hapa, asubuhi zile zote?"

Masanja akacheka kidogo. "Kulia."

"Kulia?"

"Alikuwa anakaa pale, penye ndama, analia. Siku ya kwanza mama akadhani amepigwa na ng'ombe. Akamwuliza, mayu, unamlilia nani? Mtoto akasema, siruhusiwi. Mama akasema, hapa ng'ombe hawasemi kwa mtu. Mwite. Mtoto akawa anaita, mama Somoe, mama Somoe. Na mama yangu naye, hajui hata huyo Somoe ni nani, anaita naye. Kila siku. Mpaka sisi wote tukamjua Somoe. Hata huyu Minza akianguka analia, anasema, mama Somoe!"

Akacheka tena, halafu akaona uso wangu, akaacha.

Sikumbuki nilivyoaga. Nilirudi bondeni nikakaa kwenye mchanga wa mto mkavu. Nilikuwa nafikiria kuhusu mama. Miaka yote hii nilidhani anaitwa mahali pamoja, pale kibandani kwetu, na mtu mmoja, mimi, kwa sauti yangu ya mtungini. Nilidhani nisipoita mimi hakuna atakayeita, ndiyo maana hata nikiwa na malaria nilijikokota nikamwage unga. Kumbe ng'ambo ya bonde alikuwa anaitwa kwa sauti, na mwanawe, na mwanamke asiyemjua, na watoto wa watu, mbele ya ndama. Wakati kwangu ilikuwa marufuku kulia kwa jina lake. Mjomba anasema mama atabaki bila mtumishi. Mimi nasema alishatumikiwa, tena kwa miaka, na aliyemtumikia ni Bibi Kabula, yule tunayetaka kumnyima.

Sijui kama Mnenaji angekubali hesabu hiyo. Sitamwuliza.

Kwa hiyo sitakufunga kesho. Hicho kitambaa nimekishonea kwenye kona ya mfuko wako uliochanika. Utakapofika langoni mkono wako utakuwa mtupu, na utataja jina unalotaka wewe. Nikikuambia "taja Bibi Kabula" itakuwa ni amri nyingine tena, na amri zangu umezipata za kutosha. Ukifika pale ukaona ulimi unamtaka mama, mtaje mama. Ukimtaka Bibi Kabula, mtaje, na utaje kwa nguvu, usiwe kama mimi, maana kuna watu huku wamekaa juu ya magunia wanasubiri nchi isikie.

Mjomba nitamwambia mwenyewe, baada ya wewe kuondoka. Naogopa. Lakini tangu aliponiita Hadija naona kuna mlango umebaki wazi kidogo baina yetu, na labda tunaweza kupita hapo. Nitampikia kwanza.

Nataka nikuambie na jambo lingine, kwa sababu ukija kulifikiria mwenyewe siku moja litakuuma zaidi. Mwenye kigoda haruhusiwi kuhama nyumba akiwa na mtoto wa kulea. Ndiyo maana nilipomaliza kidato cha nne, wenzangu wakaenda Nachingwea na Lindi kutafuta vyuo na kazi, mimi nikabaki kupalilia mikorosho. Ukimtaja Bibi Kabula, nitakuwa huru kuondoka. Usifikiri nakuachia ili nipumzike. Ila sitakuficha, nimeliwaza hilo pia. Nimechoka, Zuhura. Nimechoka tangu zamani, nikiwa bado navaa sketi ya shule. Kuna siku nilikuwa nakuangalia umelala mchana kwenye mkeka, mdomo wazi, na badala ya kuona mtoto nikaona kazi. Halafu unageuka usingizini, unanishika kidole, naona mtoto tena. Yote mawili ni kweli, na sijui namna ya kuyatenganisha. Labda mama naye alikuwa hivyo. Hakuna aliyenifundisha, na niliyetaka kumwuliza ndiye niliyekuwa nimevaa khanga yake.

Huko Ruangwa watakupa wajibu mwingi. Utafagia, utatwanga, utaamka kabla ya jogoo kuwika, uite na wenzako majina ya watu waliojenga nchi. Fanya. Kuna uzuri ndani yake, utauona, hasa ile saa ambayo watoto wote wanaita kwa pamoja na kila mmoja ana jina lake. Lakini wakikuambia kwamba msiba wako umekwisha na wewe unajua haujaisha, usibishane nao, wala usiwaamini. Nyumba kubwa kama ile haikosi ghala au zizi la mbuzi. Nenda ulie. Na ukimkuta mtoto mwingine amekutangulia kulia humo, usimwulize analia kwa ruhusa ya nani.

Nawasikia mbwa wa bondeni wanabweka, nadhani ni wewe unarudi. Nimalizie.

Siku ya wageni, walinzi humruhusu kuingia mama wa nyumba ya yule uliyemtaja. Ukitaja Bibi Kabula, atakayeingia ni mke wa Masanja, na huo ndio utaratibu, mpokee kwa heshima. Mimi sitakuwa na haki ya kuvuka lango. Mama ana wajibu wa kuja kukuona, umeandikwa. Dada hana wajibu wowote, hakuna kanuni hata moja inayomtaja. Mtu akiniuliza njiani nakwenda Ruangwa kufanya nini, sitakuwa na jibu la kisheria. Basi ukiona watu wameruhusiwa kuingia na mimi sipo kati yao, usikae ndani. Toka uje upande ule wa nyuma, ambako wanasema kuna uzio wa miti tu. Nitakuwa nimesimama hapo. Hakuna aliyenituma. Nitakuja.

Dada yako